Farasi Tuliyempa Kisogo

Kutoka Xiaobei hadi Zhanxi

Asubuhi ile nilitoka chumbani kwangu mtaa wa Xiaobei bila kujua naenda wapi, kwa sababu polisi walikuwa wameanza kupanda ngazi za jengo letu. Pasi yangu ilikuwa safi na viza ilikuwa hai, lakini msimu ule, uwe safi uwe mchafu, ulipelekwa kituoni kwanza, ukakaa kwenye benchi mchana kutwa, jioni ukaambiwa nenda zako. Benchi lile nilikuwa nimeshalikalia. Nikavaa raba, nikatia leso na mswaki mkobani, nikashukia ngazi za nyuma pamoja na Wakongo wawili waliokuwa wakitukana kwa Kifaransa, tukatawanyika barabarani kama vifaranga waliomwona mwewe.

Tangu nirudi nyumbani Molo mmekuwa mkiniuliza ilikuwaje huko Guangzhou, na kila nikianza kusimulia napandisha sauti mpaka watoto wanatoka nje. Basi naandika. Kwenye karatasi angalau sipigi kelele.

Nilitembea kuelekea Zhanxi, mtaa wa maduka ya viatu, kwa kuwa miguu ilizoea kwenda huko. Kwa kawaida mtaa ule huwezi kupita bila kugongwa kisigino na mkokoteni wa viatu. Siku ile mikokoteni ilikuwepo lakini wateja wetu, sisi Waafrika, hawakuwepo. Wauzaji walisimama milangoni wakitazama huku na huko. Mbele ya duka lililobandikwa karatasi ya kufungwa alikuwa ameketi Elibariki, Mchaga wa Moshi, mtu wa kupakia viatu vya jumla kwenye kontena za Dar. Duka lile lilikuwa lake. Alikuwa anakula mkate kwa hasira, kama mkate ndio uliomfungia.

"Dada Chebet!" akaita. "Mungu ndiye kakuleta. Wewe si mtoto wa saisi?"

Kwa msiojua, saisi ni mtunza farasi. Baba yangu alikuwa saisi kwenye shamba la kuzalisha farasi wa mbio, na mimi niliacha shule mapema kwa sababu zizini kulikuwa na mengi ya kujua kuliko darasani. Elibariki alikuwa amenisikia nikilisema hilo siku moja tukifunga mizigo barabara ya Yide Lu.

"Ndiyo. Kwani?"

"Nataka kununua farasi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba maharusi wa Kichina wanapigwa picha bustanini kabla ya sherehe, gauni jeupe linaburutwa kwenye majani, na wengine wanalipa kumpanda farasi kwa picha moja tu. Alikuwa na rafiki Mchina mpiga picha. Rafiki alikuwa na kamera, kilichobaki ni farasi. Na kaskazini, huko Conghua, bosi mmoja wa mazizi alikuwa anawauza wote.

"Farasi gani?"

"Wa mbio. Wale warefu, wa damu safi. Wanauzwa kama viatu vya msimu uliopita."

"Kwa nini?"

"Nitajuaje? Mimi nauliza bei, siulizi kwa nini."

Mimi nauliza kwa nini. Hiyo ndiyo tofauti yetu, na ndiyo iliyonipandisha basi.

Basi lililotuuza

Mpaka Conghua si mbali. Mtu angefika kabla ya chai ya saa nne kama angeachwa afike. Sisi tulipofika nusu ya njia basi lilisimama kando ya barabara kuu, nyuma ya basi jingine bovu zaidi. Kondakta wetu akashuka, akanong'onezana na kondakta wa lile basi, wakapeana kitu mkononi, kisha akarudi akipiga makofi: shukeni, shukeni, hamieni lile.

Tukashuka. Basi letu likageuza na kuondoka likiwa tupu. Tulipotaka kupanda lile la pili, kondakta wake akazuia mlango kwa mguu, akataka nauli upya.

Mama mmoja aliyebeba mfuko wa vitunguu majani alianza kumtukana kwa Kikantoni, lugha ambayo hata salamu yake hufanana na ugomvi. Elibariki, aliyekaa miaka mingi pale, akanitafsiria.

"Anasema wametuuza kama nguruwe. Wenyeji wanaliita hivyo hivyo, kuuza nguruwe. Basi likiona abiria ni wachache, linawauza kwa basi jingine."

"Na abiria wanakubali?"

"Wewe unaona nani anatembea kwa miguu?"

Hakuna aliyetembea. Mama wa vitunguu alilipa huku akiendelea kutukana, na sisi tukalipa. Hata basi hilo halikuondoka mpaka dereva ale. Tukangoja chini ya jua, kwenye kibanda cha tambi za mchele na mchuzi wa mifupa. Tambi zilikuwa nzuri, na hilo liliniudhi zaidi, maana nilitaka kuichukia siku nzima bila kubakiza.

Hapo ndipo nilipomwona Elibariki akifanya kazi. Muuza tambi alitaja bei, yeye akataja nusu, mwanamke akatikisa kichwa. Elibariki akageuka, akaanza kwenda zake taratibu, mikono mgongoni. Alikuwa hajafika hata kwenye pipa la takataka aliposikia, "Pengyou! Rafiki! Rudi!"

Akarudi na mabakuli mawili, anang'aa.

"Umeona? Zhanxi nzima inaendeshwa hivyo. Geuka, tembea, usitazame nyuma. Ukitazama nyuma umeshalipa."

"Kwa bakuli la tambi, Elibariki?"

"Dada, ukizoea kulipa bei ya kwanza kwenye tambi, utailipa na kwenye kontena."

Zizi la bosi Feng

Kutoka stendi ya Conghua tulipanda pikipiki moja, dereva, Elibariki na mimi, kama mishikaki. Mjini Guangzhou pikipiki zilikuwa zimeshapigwa marufuku, lakini huku zilikuwa bado zinahema. Tulipita mashamba ya matunda ya malichi na vilima vya kijani, na mara kwa mara malori ya mchanga. Mwendesha pikipiki alituonyesha kwa kidole, mbali, mahali walipokuwa wanajenga uwanja mkubwa wa farasi kwa ajili ya michezo ya Asia.

"Farasi wengi watakuja," akasema. "Kwa ndege!"

Nikafikiri, basi bosi Feng ni mjinga. Anauza farasi jirani wakijenga uwanja wa farasi?

Hakuwa mjinga. Tulimkuta amevaa kandambili, anavuta sigara juu ya ndoo iliyopinduliwa, na alikuwa amechoka kuliko mtu yeyote niliyemwona China. Nikamwuliza kwa Kichina changu cha sokoni: kwa nini? Akacheka bila furaha, akaanza kusema, na Elibariki akatafsiri nusu nusu kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye mazizi.

Zamani, Feng alisema, Guangzhou ilikuwa na uwanja wa mbio. Watu walijaa, walicheza kamari, kisha kamari ikakatazwa na uwanja ukafa. Lakini watu kama yeye hawakuacha. Walinunua majike kutoka ng'ambo, wakawapandisha, wakazalisha, kwa sababu kila mwaka magazeti yaliandika kwamba mbio zitarudi mwakani. Mwakani ikapita, mwakani nyingine ikapita. Farasi wanakula kila siku, wawe na mbio wasiwe na mbio. Halafu mwaka huo polisi wakavamia mbio za siri za wenye mazizi, wakakamata wacheza kamari. Na juu ya hayo likaja la mwisho: farasi wa wageni hawawezi kuja mahali penye ugonjwa, kwa hiyo eneo lote likatangazwa liwe safi. Farasi wa wenyeji watoke.

"Wote?" nikauliza.

"Wote. Wagonjwa, wazima. Wageni wakija, pasiwe na kitu."

Nilikuwa nimetoka asubuhi ile ile kwenye jengo ambalo polisi walikuwa wanalisafisha wageni. Nikahisi damu inanipanda mpaka masikioni, na sikuwa na wa kumrushia neno isipokuwa mtu mwenye kandambili ambaye naye alikuwa anafukuziwa riziki yake.

Mazizi karibu yote yalikuwa matupu. Alibaki jike mmoja, mwekundu, mwenye alama nyeupe usoni kama tone la maziwa lililochuruzika. Hakuwa kijana. Lakini shingo! Miguu! Nimekulia kati ya farasi wa damu safi, nikimwona aliyezaliwa vizuri moyo wangu hupiga kwato. Pembeni yake mama mmoja wa makamo, ambaye wote walimwita Ayi, yaani shangazi, alikuwa anampiga brashi ubavuni huku akitoa sauti kati ya meno, "sss, sss, sss."

Baba alifanya vile vile. Masaisi wote wa Molo hufanya vile, eti vumbi lisikuingie mdomoni na farasi ajue ulipo. Nilimwendea jike kwa upande wa kushoto, nikaanza nami, "sss, sss." Ayi akanitazama, akacheka mpaka nikaona jino lake la dhahabu, akanipa brashi.

Nikainama chini ya tumbo. Kisha nikainuka, nikamwita Elibariki kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuuliza saa.

"Ana mimba. Chuchu zake zimeota nta. Hii ni kazi ya kesho au keshokutwa."

Kosa la maisha ni kumwambia mfanyabiashara wa Zhanxi kwamba ndani ya boksi kuna jozi mbili.

"Wawili!" akanong'ona, macho yakimtoka. "Na Feng anajua?"

"Ayi anajua. Feng haangalii tena farasi wake. Sikiliza, kaka. Mlipe. Leo. Huyu hawezi kusafirishwa mbali."

"Tulia, Mkenya. Niachie mimi."

Nje ya geti lilikuwa limesimama lori lenye mbao za kuzuia wanyama. Ndani yake mtu mnene alikuwa anakula tikiti maji, anatema mbegu dirishani. Nilimwuliza Ayi ni nani. Akanionyesha kwa kiganja, akakipitisha shingoni.

Nikamwambia Elibariki. Nilimwambia waziwazi: yule ni mnunuzi wa nyama, anangoja.

"Ndiyo mbinu zao," akajibu. "Zhanxi pia huwa kuna mteja wa uongo pembeni, anajifanya anataka mzigo wako."

Feng akataja bei. Aliitaja mara moja, akanyoosha mkono, kama wanavyofanya watu wa farasi hata kwetu: bei moja, mkono mmoja. Elibariki akautazama ule mkono kama bango la matangazo. Akataja nusu. Feng akautazama mkono wake mwenyewe, akaurudisha mfukoni.

"Mlipe!" nikasema.

"Twende," akasema Elibariki, akanishika kiwiko. "Wote wawili, la sivyo umeharibu. Usitazame nyuma."

Tukampa kisogo. Nilisikia kandambili za Feng, nikafikiri anatufuata. Zilikuwa zinaelekea upande mwingine. Tukapita geti. Tukapita lori. Hakuna aliyesema rafiki, hakuna aliyesema rudi. Elibariki akapunguza mwendo, akajifanya anafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

Nyuma yetu mlango wa lori ulishuka kwa kishindo, kisha nikasikia kwato juu ya mbao.

Kulikimbiza lori

Lilitupita likitumwagia vumbi. Uso wenye tone jeupe ulionekana kati ya mbao mbili, na nyuma getini, mikono kichwani, Ayi alikuwa analia kama amefiwa.

"Wanatutisha," alisema Elibariki. "Ngoja, watarudi."

Nilimpiga kwa mkoba. Mswaki uliruka nje. Nilimwita majina ambayo mama yangu hajui kama ninayajua. Nilimwambia soko si dunia, na kwamba kuna watu duniani wakisema bei wanasema bei. Alisimama tu, kofi la mkoba shavuni, anatazama barabara, na nilimwona anaelewa polepole, kama mtu anayesoma ankara.

"Kumbe alikuwa anauza kweli," akasema.

"Panda pikipiki!"

Mwendesha pikipiki alikuwa bado anangoja kivulini. Sijui alielewa nini kwenye kelele zetu, lakini aliendesha kama yeye ndiye joki wa mbio na sisi ndio uzito wa ziada. Kwenye kona Elibariki alisali kwa Kichaga. Lori tuliliona, likapotea, tukaliona tena, na pengine lingetupotea kabisa kama si kizuizi kwenye mpaka wa lile eneo safi. Kila gari lenye mnyama lilipangwa foleni, watu wenye magauni meupe na mitungi mgongoni wakilipulizia dawa magurudumu na mbao.

Tukashuka tukikimbia. Mtu wa gauni jeupe akatuzuia. Akatutazama juu mpaka chini, kisha akaelekeza bomba na kutupulizia viatu, suruali, mikono, mpaka viganja akataka tuvigeuze. Mwendesha pikipiki alikuwa amesimama hapo hapo, kwenye matope yale yale. Hakumpulizia.

Nilikuwa nimeweka maneno yangu yote kwa ajili ya lori.

Yule mnene, jina lake Hu, alikuwa ameshuka na anazunguka gari lake akipiga kelele kuliko sisi. Jike alikuwa analoa jasho, na maziwa yalikuwa yanamtiririka mapajani mpaka kwenye kwato. Hu alitunyooshea kidole, kwa kuwa alituona kule getini.

"Mlijua?"

"Tulijua," nikasema.

"Feng kaniuzia mwenye mtoto! Nichinje mwenye mtoto? Mama yangu akisikia hataniruhusu nikae mezani. Jirani watasema nini?" Akatema mate. "Biashara yangu ni farasi waliokwisha. Sichinji ambaye hajazaliwa."

Nitawaambia kitu. Siku nzima ile, kati ya polisi, makondakta, wenye mazizi, watu wa dawa na rafiki yangu mwenyewe, mtu wa kwanza kuona haya alikuwa mchinjaji.

"Utarudi naye kwa Feng?" Elibariki akauliza.

Mtu wa gauni jeupe akajibu kabla ya Hu. Farasi akishatoka harudi. Akirudi anachukuliwa na kufukiwa.

Hu akataja bei yake. Ilikuwa juu ya ile ya Feng. Naye ana petroli, ana hasira. Nilimwona Elibariki anavuta pumzi, bega moja limeshaanza kugeuka lenyewe kwa mazoea. Nikaweka kiganja changu, kilichonuka dawa, juu ya mdomo wake.

Alinitazama juu ya vidole vyangu. Kisha akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa bahasha aliyokuwa ameishonea humo, akampa Hu yote bila kutaja nusu ya kitu chochote. Nilipomwachia mdomo alisema neno moja tu.

"Pole." Sikujua alikuwa ananiambia mimi au yule jike.

Mahali pa kulala

Hu alitushusha kwenye kijiji cha kwanza nje ya mpaka, upande wa Zengcheng, barabara iliyonyooka katikati ya mashamba ya malichi. Hakutaka hata shukrani. Jike alishuka mbao mguu mmoja mmoja, akasimama, akahema, akala jani la kwanza alilolikuta. Jua lilikuwa bado juu ya miti.

Palikuwa na nyumba ya wageni yenye maua ya plastiki mlangoni. Mwenye nyumba alikuwa mtu mpole. Alitutabasamia na kusema: wageni hapana. Si yeye, akaeleza, ni agizo. Mwaka huu nyumba ndogo haziruhusiwi kulaza watu wa nje. Nyumba ya pili wakasema hapana kabla hatujafungua mdomo. Ya tatu ilizima taa ya kibao ilipotuona tunakuja, watu wawili weusi wananuka dawa na farasi mwekundu anadondosha maziwa.

Ikaamuliwa Elibariki arudi mjini kumtafuta mpiga picha wake na lori la heshima. Mimi nibaki na jike, kwa kuwa kamba haachiwi mtu asiyejua fundo. Akaniachia nusu ya mkate wake wa asubuhi.

"Dada Chebet," akasema, "ukimzaa salama, mtoto ni wako."

"Simzai mimi, kaka."

"Unaelewa."

Alipoondoka nilimwongoza jike kwa kijia cha shambani mpaka kwenye banda moja la kuhifadhia vikapu vya kuvunia malichi. Lilikuwa kavu, na kuta zake zilikuwa za udongo. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa rika langu, mikono imepasuka kwa kazi. Nilimwonyesha tumbo la jike, nikamwonyesha banda, nikamwonyesha noti zangu za mwisho. Alimzunguka jike, akamgusa ubavu, akaganda: kitu kilikuwa kimempiga teke kutoka ndani. Akacheka kwa mshangao, akaanza kuhamisha vikapu.

Tulitandika nyasi pamoja. Lakini nilipoweka mkoba wangu kwenye kona alisimama, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Farasi sawa," akasema. "Mtu wa nje, hapana. Polisi."

Nilikuwa nimechoka mno hata kukasirika, na hapo ndipo hasira ilipokuwa kubwa kuliko yote, ile isiyo na sauti. Nilimwonyesha kamba. Ncha moja ilikuwa shingoni mwa jike, ncha nyingine nilikuwa nimeizungusha mkononi mwangu. Nikakaa chini kwenye nyasi, mgongo ukutani.

"Mimi ni wa farasi," nikamwambia.

Alitazama kamba, akaifuata kwa macho kutoka shingo moja mpaka mkono mmoja. Akafikiri. Kisha akaenda kisimani, akarudi na ndoo ya maji, akaitua katikati yetu, akafunga mlango nusu ili hewa ipite.

Ndoo ilikuwa moja. Jike akatangulia kunywa, mimi nikafuata.